MAJI YA JAA YAPIMWE, NA CHWAKA IAMBIWE

Kila kukicha gari la taka hupita mjini. Hupita Darajani, hupita Michenzani, hupita Kikwajuni. Mwenye nyumba humwaga pipa lake, hupangusa mikono, hurejea ndani na kufunga mlango. Kwake yeye shughuli imekwisha. Lakini taka haziondoki duniani kwa kuwa mwenyewe hazioni tena. Zimehama tu. Zimetoka mjini zimekwenda shamba.

Zamani zilikuwa zikipelekwa Jumbi. Baadaye zikahamishiwa jaa kuu la Kibele, katika Wilaya ya Kati, wilaya ile ile yenye Chwaka, Uroa, Marumbi, Charawe na Ukongoroni. Hatuna ugomvi na kuwapo kwa jaa. Mji wa watu lazima uwe na pahala pa kutupia uchafu wake, na kisiwa chetu ni kidogo, hakina jangwa la kufichia kitu. Zanzibar tulihesabiwa watu 1,303,569 mwaka 2012. Mwaka 2022 tukahesabiwa 1,889,773. Watu wameongezeka, mahoteli yameongezeka, na kila anayekula huacha maganda. Hayo twayajua. Ugomvi wetu ni juu ya kitu kimoja tu, nacho ni maji.

Maji gani? Maji ya jaa. Mvua ya masika ikinyesha juu ya biwi la taka haiishii juu. Huingia ndani, hupita katika maganda na matumbo ya samaki, hupita katika betri mbovu, makopo ya rangi, dawa za wadudu, taa zilizoungua na simu zilizovunjika, ikachukua kidogo kidogo kutoka kwa kila kimoja, kisha ikatokea chini hali ya kuwa si mvua tena. Hutokea nyeusi kama kahawa ya barazani, yenye harufu ya kukereketa, na ndani yake mna chumvi, mna ammonia, mna madini kama risasi na zinki, na mna dawa ambazo hata waliozitengeneza hawakukusudia zikutane.

Jaa lililojengwa kwa ufundi huwekewa tandiko chini lisilopitisha maji, na mifereji ya kuyakusanya maji hayo bwawani ili yasafishwe kabla ya kuachiwa. Biwi lililomwagwa juu ya ardhi tupu halina hata kimoja cha hayo. Na hata tandiko zuri huchakaa na kutoboka, na hata bwawa zuri hufurika masika yakizidi. Ndiyo maana popote penye kujali watu, kujenga peke yake hakutoshi. Hupimwa, na kupimwa tena, hata miaka mingi baada ya jaa kufungwa.

Sasa itazameni ardhi yetu. Upande wa mashariki wa Unguja si udongo mzito wenye kushika maji. Ni mawe ya matumbawe, yenye nyufa na mapango. Maji yakianguka hapo hayakai. Huteremka, huingia ufani, hupita pasipoonekana, yakazuka kisimani kwa mtu au ufukweni. Ghuba ya Chwaka nayo haina mto mkubwa unaoingia ndani yake. Maji matamu huyapata kwa mvua na kwa yale yanayochuruzika chini kwa chini. Basi mtu asisimame kando ya gari lake akatwambia kwamba Kibele ni mbali na pwani. Maji hayapiti barabarani, wala hayaulizi njia.

Na ni nani wenye kuyategemea maji ya visima na bahari ya ghuba ile? Si matajiri. Ni mama mwenye ndoo kisimani. Ni mwanamke wa pwani anayeingia baharini maji yakipwa, akainama mgongo juani akifunga mwani katika kamba, kazi iliyoanza Paje na Jambiani mwaka 1989 na ambayo imelisha na kusomesha watoto wengi wa pwani ya mashariki. Ni mvuvi wa dema anayeishi kwa tasi na changu, samaki wanaokulia katika majani ya bahari ndani ya ghuba. Ni mikoko, ambayo ndiyo malezi ya samaki wadogo, na ambayo tangu mwaka 2004 imo katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Mtu wa mjini akipata maji mabaya hununua ya chupa. Mtu wa Chwaka akiharibikiwa na bahari, atanunua bahari gani?

Tusikilizwe vyema. Hatumtuhumu mtu. Hatusemi kwamba kisima fulani kina sumu, wala hatusemi kwamba kila mwani ukifa pwani muuaji ni jaa. Twajua kwamba mwani umepata mitihani kwa joto la bahari lililozidi, khasa ile aina iitwayo cottonii. Na kwa kuwa twalijua hilo ndiyo tukataka kipimo. Kipimo humkamata mwenye kosa, na humwachia huru asiye na kosa. Anayekataa kupima ndiye anayetaka watu waishi kwa uvumi.

Kipimo chenyewe kipo, wala si uganga. Wengi wetu tumezoea kwamba maji hupelekwa kwa mkemia, naye akaleta orodha: chumvi kadha, risasi kadha, ammonia kadha. Orodha hiyo ni ya lazima, lakini ina upungufu wake. Mkemia hukuta kile alichokitafuta. Na vitu kumi, kila kimoja kikiwa chini ya kiwango kilichowekwa, vikikutana katika gilasi moja vyaweza kufanya kazi ambayo hapana hata kimoja kingeifanya peke yake. Tena karatasi ya mkemia haiugui wala haifi. Basi wataalamu wakasema: na tumuulize kiumbe hai.

Kiumbe waliyemchagua ni mwani mdogo wa maji matamu. Asidhani mtu kuwa ni mwani wa kamba wa akina mama. Huu ni jamaa yake wa mbali. Ni ule ukijani unaotia maji rangi katika pipa lililoachwa juani au birika lisilosafishwa. Aina moja, iliyo maarufu katika maabara za dunia, huitwa Raphidocelis subcapitata. Chembe yake ina umbo la mwezi mwandamo, na ni ndogo hata chembe 100 zikipangwa safu moja zinakaribia milimita moja tu. Ukoo wa mwani huo unaotumiwa leo ulitolewa katika mto Nitelva, nchi ya Norwei, mwaka 1959, na tangu hapo umekuwa ukikuzwa kutoka chupa hadi chupa.

Kazi hufanywa hivi. Huchukuliwa maji ya jaa yakachujwa. Hutayarishwa chupa kadhaa za maji safi yenye chakula cha mwani. Chupa ya kwanza haitiwi maji ya jaa hata tone. Hiyo ndiyo shahidi. Nyengine hutiwa kwa vipimo vinavyopanda: sehemu 1 katika 100, sehemu 3, sehemu 9, sehemu 27, na kuendelea. Kila chupa hutiwa mwani kwa idadi iliyo sawa, tuseme chembe 10,000 katika mililita moja. Zote huwekwa katika mwanga mmoja na joto moja, na kila siku chembe huhesabiwa kwa hadubini. Baada ya saa 72, yaani siku tatu, hukatwa hukumu. Katika chupa ya shahidi mwani lazima uwe umezaana angalau mara 16, yaani chembe 10,000 zifike 160,000. Zisipofika, jaribio zima ni batili na lifanywe upya. Kisha huulizwa: ni kipimo gani cha maji ya jaa kilichopunguza ukuaji kwa nusu? Ikiwa ilihitajiwa sehemu 50 katika 100, maji hayo ni dhaifu. Ikiwa sehemu 3 tu zimetosha, basi jirani wa jaa ana kila haki ya kusimama na kuuliza. Kanuni za kipimo hiki zimeandikwa na jumuiya ya nchi za viwanda iitwayo OECD tangu miaka ya 1980, na zinafuatwa katika nchi nyingi.

Pengine msomaji atacheka: ukijani wa pipani watuhusu nini? Watuhusu kwa kuwa ndio mwanzo wa karamu yote. Mwani mdogo huliwa na wadudu wa majini, wadudu huliwa na samaki mdogo, mdogo huliwa na mkubwa, na mkubwa ndiye anayenadiwa Chwaka na kuingia chunguni mwetu. Msingi ukivunjika dari haisimami.

Lakini kipimo hiki kina mitego yake, nasi twaieleza hapa ili asije mtu akatudanganya kwayo. Mtego wa kwanza ni kwamba maji ya jaa ni meusi, na mwani hauishi ila kwa mwanga. Mpimaji mwaminifu hana budi kuonyesha kama kilichouzuia mwani ni sumu au ni kiza.

Mtego wa pili ni wa khatari zaidi. Maji ya jaa yakichanganywa na maji mengi, mara nyengine mwani hunawiri kuliko ule wa chupa ya shahidi, kwa sababu ndani yake mna mbolea. Hapo atatokea bwana mmoja akasema, "Mnaona? Maji yetu ni neema!" Mwambieni bwana huyo kwamba mbolea ikizidi katika ghuba yenye kina kifupi, ukijani huyafunika majani ya bahari na matumbawe, na ukioza humaliza hewa ya samaki majini. Kunawiri kwa mwani nako ni jawabu, na si jawabu zuri.

Mtego wa tatu: mwani huu ni wa maji matamu, na ushahidi wake ni wa visima na chemchemi. Kwa maji ya chumvi upo mwani wa baharini unaopimiwa, na Chwaka yataka vipimo vyote viwili. Wala mwani hausemi lolote juu ya vijidudu vya kipindupindu. Hivyo vina kipimo chao, nacho kisiachwe.

Twayajua majawabu tutakayopewa. La kwanza litakuwa, "Hatuna vyombo." Chuo cha Sayansi za Bahari cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kipo hapa hapa Unguja tangu mwaka 1978, na Ghuba ya Chwaka imechunguzwa na wataalamu hata kikatolewa kitabu kizima juu yake mwaka 2012. Tunacho Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Tunayo maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Na kipimo hiki chataka chupa za kioo, taa, hadubini, mwani ulio hai, na kijana mwenye subira ya kuhesabu. Nchi inayojenga mabarabara na mahoteli haiwezi kushindwa na chupa.

Jawabu la pili litakuwa, "Watu watataharuki." Watu hutaharuki kwa kufichwa, si kwa kuambiwa. Wazee wamesema, mficha maradhi kifo humuumbua. La tatu litakuwa, "Hii ni kazi ya wataalamu, si ya wananchi." Kupima ni kazi ya mtaalamu, hilo twakubali. Lakini kunywa ni kazi ya mwananchi, na anayekunywa ana haki ya kujua anakunywa nini.

Mambo haya si mageni kwa jirani zetu, na mwenye akili hujifunza kwa lililompata mwenziwe. Wakaazi wa Tabata, Dar es Salaam, walikwenda Mahkama Kuu mwaka 1988 kuishitaki halmashauri ya jiji kwa taka zilizokuwa zikimwagwa na kuchomwa mbele ya nyumba zao, wakashinda. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Wakaazi wa huko nao wakaenda mahkamani mwaka 1991, nao wakashinda. Katika mashauri hayo twapata mafunzo mawili. Funzo la kwanza ni kwamba mnyonge akisimama na haki yake husikilizwa. La pili ni kwamba kulihamisha jaa kutoka kwa mnyonge huyu kwenda kwa mnyonge yule si dawa. Sisi hatutaki uchafu uondoke Kibele ukatupwe kwa ndugu zetu wengine. Twataka uchafu ushikwe pale ulipo, usiteremke majini.

Mjini Nairobi liko jaa la Dandora, lililoanza miaka ya 1970. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba katika watoto 328 wa huko waliopimwa, nusu walikutwa na risasi katika damu kupita kiasi kinachokubaliwa. Kampala nako, tarehe 10 Agosti 2024, jaa la Kiteezi liliporomoka, likafukia nyumba na kuua watu zaidi ya 30. Yatazameni ya Dandora kwa makini. Huko damu ya mtoto ndiyo iliyokuwa chupa ya kipimo. Sisi twasema, ni bora kumuuliza mwani kabla ya kumuuliza mtoto.

Na sisi wenyewe tusijivike kanzu nyeupe. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar tangu mwaka 2006, na kila mmoja wetu ajiulize ni mingapi imepita mikononi mwake tangu siku hiyo. Mwanachama anayehutubia jioni juu ya haki ya watu wa shamba, na asubuhi akatia betri na kopo la dawa ya mende katika pipa moja na maganda ya muhogo, huyo amepeleka sumu Kibele kwa mkono wake mwenyewe. Hotuba yake haimtakasi. Maganda ni mbolea ya bustani. Betri na dawa zitengwe. Jambo hilo halingoji amri ya mtu.

Basi haya ndiyo tunayoyataka, na twayasema wazi.

Kwanza, maji yanayotoka katika jaa la Kibele yapimwe kwa mkemia na kwa mwani, angalau mara mbili kila mwaka: mara moja kiangazi, na mara moja masika yakiwa yamekolea, kwani maji ya jua kali na maji ya mvua kubwa si mamoja.

Pili, pamoja nayo vipimwe visima vya vijiji vilivyo jirani na jaa, visima vya Chwaka, na maji ya ghuba wakati wa bamvua maji yakipwa. Tena kichaguliwe kisima kimoja kilicho mbali na jaa, kiwe shahidi, kama ilivyo ile chupa ya kwanza. Bila ya shahidi hapana hukumu.

Tatu, majibu yaandikwe kwa Kiswahili kinachofahamika, yabandikwe kwa sheha, skulini, msikitini na pale wanaponadi samaki. Majibu yaliyofungiwa ndani ya faili si majibu.

Nne, vijana wa Chwaka na wa Kibele wafundishwe kuchukua maji na kuhesabu mwani. Mtoto wa skuli anayejua kutumia hadubini ni mlinzi wa kisima cha bibi yake kuliko mabwana kumi wanaokuja kwa gari na kuondoka kabla ya adhuhuri.

Tano, majibu yakiwa mabaya, kabla ya kuundwa kamati yoyote wanakijiji wapelekewe maji safi. Kisha jaa litengenezwe, na gharama ibebwe na mji ulioleta taka, isibebwe na shamba lililozipokea.

Hapana katika haya lililo nje ya sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar, Namba 3 ya mwaka 2015, ipo. Mamlaka ya kuisimamia ipo. Kinachotakiwa ni sauti ya watu, na sauti hiyo ni kazi yetu.

Kwa hivyo twayaambia matawi yetu ya Wilaya ya Kati: msiende Kibele na mawe wala matusi. Nendeni kwa sheha na barua. Nendeni kwa Mwakilishi wenu na suala moja aliulize Barazani: maji ya jaa yamepimwa lini, kwa kipimo gani, na majibu yamebandikwa wapi? Akijibiwa kwa tarakimu, mzilete tutazitangaza katika gazeti hili, ziwe nzuri ziwe mbaya. Zikiwa nzuri tutafurahi na tutasema hivyo bila ya haya. Na matawi yetu ya mjini tunayaambia: hili si la watu wa shamba peke yao. Taka ni zenu. Samaki mnaowala ni wa bahari ile ile. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu umo katika mawe tunayoyakanyaga sote.

Wazee wetu walidai uhuru ili mtu wa kisiwa hiki awe na neno katika nchi yake. Neno hilo halikuwekwa kwa ajili ya mtu wa mjini tu, wala kwa ajili ya siku ya kura tu. Mama wa Chwaka anayeuliza kisima chake kina nini anautumia uhuru huo pale pale ulipokusudiwa.

Chupa moja ya maji, siku tatu za subira, na karatasi moja iliyobandikwa ukutani kwa sheha. Hayo si makubwa. Asiyeweza kutupa hayo, na atueleze kwa nini.